Nani Atamwambia Mwaitu?

Saa saba na nusu mchana, hoteli ya Mwaitu hapa Migwani haina nafasi ya kuweka hata kiwiko. Nasema hoteli kwa maana yetu ya huku: chumba kimoja cha mabati, masufuria matatu juu ya moto wa kuni, na kaunta ya mbao iliyofunikwa plastiki yenye maua. Mbele ya kaunta kuna benchi la watu sita. Siku ya soko linakaliwa na tisa. Hakuna orodha ya kusoma. Unaketi, unasema "muthokoi" au "ndengu chapo", na kabla mikono haijakauka maji ya kunawa, sahani iko mbele yako na kikombe cha supu ya mifupa pembeni. Unakula ukiwa umebanwa kati ya dereva wa lori la mchanga na kijana wa bodaboda aliyepakata helmeti. Ukimaliza, unaondoka. Aliyesimama nyuma yako ameshaanza kukohoa.

Siku moja, si zamani, muthokoi ulikuwa chapwa. Haukuwa mbichi wala haukuwa umechacha. Ulikuwa laini kupita kiasi, hauna utamu wa mahindi, na supu ilionja kama maji yaliyopita karibu na mbuzi. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Dereva alitafuna kimya. Yule wa bodaboda alimwaga pilipili kama anayezima moto. Mwaitu akauliza, kama anavyouliza kila siku, "Chakula kiko aje?" Sote tisa tukajibu kwa sauti moja kama wanafunzi mbele ya mkaguzi: "Kizuri sana, Mwaitu!"

Nimeandika uhakiki wa riwaya na tamthilia kwa miaka kadhaa, na sijawahi kuogopa kusema kwamba mhusika fulani ni mti mkavu. Lakini mbele ya kaunta ile nilisema uongo bila kupepesa macho. Uongo ule ulinirudisha kwenye filamu ambayo rafiki alinipa kwenye flashi, nami nikaitazama mara ya kwanza kama kichekesho tu.

Filamu yenyewe ni Tampopo, ya mwongozaji Mjapani Juzo Itami, iliyotoka mwaka 1985. Madereva wawili wa lori, Goro na mwenzake Gun, wanasimama usiku wa mvua kwenye kijihoteli cha rameni, yaani tambi ndani ya supu, chakula cha haraka cha watu wa kazi. Mwenye hoteli ni mjane anayeitwa Tampopo, ambaye Nobuko Miyamoto amemwigiza vizuri mno. Ana mtoto wa kiume wa shule, ana wateja wachache wenye kelele, na ana supu isiyo na lolote. Asubuhi yake anawauliza wageni wake: chakula changu kikoje? Nao, wakiwa bado wanakula kwake, wanamwambia ukweli: kina moyo, lakini hakina nguvu. Anaumia. Kisha anamwomba Goro amfundishe, na filamu nzima inaota kutoka hapo.

Nataka kusimama kwenye jibu hilo, kwa sababu ndilo lililo gumu kuliko mafunzo yote yanayofuata. Tampopo anafunzwa kuinua masufuria mazito, anakimbia kama bondia, anachungulia majiko ya washindani, anasoma uso wa mteja anapoingia mlangoni ajue kama ana njaa au ana haraka. Yote hayo ni kazi, na kazi mtu huizoea. Lakini bila ile sentensi ya kwanza angeendelea kupika supu ile ile mpaka afunge mlango, huku kila mtu akimwambia ni tamu.

Itami anaelewa pia kwa nini mambo haya hutokea kwenye kaunta na si kwenye meza ya kitambaa cheupe. Kwenye kaunta, mpishi na mlaji wanatazamana. Chakula kilichochukua saa nyingi kuandaliwa kinaliwa kwa dakika chache, na mpishi anaona kila tonge. Hakuna mhudumu wa kupeleka pongezi za uongo jikoni. Ndiyo maana mtihani wa mwisho wa Tampopo hauna alama wala hotuba. Wanaume watano wanaketi kwa mstari, wanakula, wanainua mabakuli na kunywa mpaka chini. Yeye anatazama mabakuli, kwa sababu bakuli halina adabu za uongo.

Niliwahi kula rameni Nairobi, mahali ambapo sitapataja. Meza zilikuwa mbali na jiko kama mbingu na ardhi. Bakuli lilifika supu ikiwa vuguvugu, mhudumu akauliza kwa Kiingereza kama kila kitu kiko sawa, nami nikasema sawa. Viungo vyote vilikuwepo: yai, nyama, vitunguu vya majani. Kilichokosekana ni mtu wa kunitazama nikila. Ukitaka kujua Itami alikuwa anasema nini, hapa Migwani uko karibu naye zaidi kuliko ulivyo kwenye kiti kile cha bei ghali. Hapa wapo madereva wa lori, ipo barabara, kwani tangu lami ya kutoka Kitui kwenda Mbondoni ipite kwetu magari hayakatiki, na yupo mwanamke mmoja mbele ya moto. Kimepungua kitu kimoja tu. Goro hayupo. Hakuna mtu wa kusema.

Na kwa nini hayupo? Jibu la haraka ni adabu: chakula hakitukanwi. Lakini huku Ukambani adabu hiyo ina mizizi mirefu kuliko malezi ya nyumbani. Sisi ni watu tulioyapa majina makame yetu, kama wengine wanavyowapa majina wafalme wao. Wazee bado wanakumbuka njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa huku nimeshika". Pesa zilikuwa mkononi, chakula hakikuwa dukani. Mtu aliyelelewa na mama aliyepita hapo hawezi kusukuma sahani na kusema haina nguvu. Atakuuliza: je, imejaza tumbo? Basi nyamaza, ushukuru.

Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali, na rameni yenyewe inanipa sababu. Chakula hiki kilitoka kwa Wachina walioishi katika miji ya bandari ya Japani, na mwaka 1910 duka lililokuja kusifika, Rairaiken, lilifunguliwa Asakusa, Tokyo. Lakini kilichokieneza kabisa ni njaa. Baada ya vita vilivyokwisha 1945 mchele ulikuwa haba, ngano ya Marekani ikaingia kwa wingi, na watu wakapanga foleni mbele ya vibanda vya tambi katika masoko ya magendo. Momofuku Ando alisimulia kwamba foleni ya namna hiyo pale Osaka ndiyo iliyomtia wazo, na mwaka 1958 akatoa tambi za kupikwa kwa maji moto tu, mababu wa pakiti tunazonunua leo dukani tukiwa tumechoka. Kwa hiyo watu waliojua njaa ndio hao hao waliokuja kubishana kuhusu supu mpaka wakatengeneza filamu nzima juu yake. Kuhukumu chakula hakukuwa dharau kwa njaa. Kulikuwa njia ya kusema: tumepona, sasa tunaweza kuonja.

Na muthokoi unastahili waonjaji. Asiyejua anadhani ni githeri iliyovuliwa nguo. Sivyo. Mahindi yanaloweshwa kidogo, yanatwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke bila punje kupondeka, yanapepetwa, yanaanikwa. Halafu yanachemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe au mbaazi. Mkono ukizidi, umepata chenga. Ukipungua, ganda linakukwama kwenye meno mpaka jioni. Muthokoi mzuri unabaki punje punje, lakini ukiubana kwa ulimi unakubali. Hiyo si kazi duni kuliko supu ya Tampopo. Tofauti ni kwamba yake imepata wahakiki, yetu imepata wala.

Hata hivyo filamu ina kasoro ambayo niliiona vizuri zaidi nikiwa kwenye benchi kuliko nikiwa mbele ya skrini. Waalimu wote wakuu wa Tampopo ni wanaume. Mmoja analeta ujuzi wa supu, mwingine wa tambi, mwingine anapamba duka, na Goro anasimamia mazoezi kwa saa mkononi. Yeye ana bidii tu. Itami anawacheka wanaume hao, ni kweli, ila bado anawaachia elimu. Huku kwetu hadithi hiyo haisimami. Waulize wanaume wote wa benchi letu muthokoi unatwangwaje, watakuonyesha nyumba ya mama yao. Elimu iko upande wa pili wa kaunta. Tulichonacho upande huu ni ulimi, na ulimi wenyewe tumeufunga.

Kasoro ya pili ni ya gharama. Watu wanampa Tampopo muda wao bure, na filamu haikawii sana kuuliza supu mpya itauzwa bei gani, na mgongo wa nani utaibeba. Na hili, nakiri, nisingeliona mimi mwenyewe. Nilionyeshwa.

Ilikuwa jioni, watu wamepungua, Mwaitu anasugua sufuria kwa majivu. Nikajikaza kama mtu anayekwenda kuposa.

"Mwaitu, usinichukie. Muthokoi wa siku hizi si ule."

Hakuinua kichwa. "Si ule aje?"

"Umekuwa laini sana. Hauna utamu. Na supu imekuwa maji."

Akaendelea kusugua. Nikafikiria kuongeza sifa mbili tatu za kupoza, nikajizuia. Hatimaye akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Mwanangu, mimi si huonja? Hayo mahindi ni ya mashine. Nanunua yakiwa yamekobolewa, natia magadi yaive haraka, kuni ni ghali. Aliyekuwa akitwanga ni mama mkwe wangu. Bega lilimshinda tangu mwaka jana. Mimi nikitwanga usiku, asubuhi nani atafungua?" Kisha akanitazama usoni. "Nyinyi mnasema kizuri sana, kizuri sana. Nikasema basi, hawa hawajui tofauti, nijichoshe kwa nini?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilidhani kunyamaza kwetu kulikuwa kumstahi. Kumbe yeye alikusikia kama matusi: hawa hawajui tofauti. Sifa zetu tisa kwa sauti moja zilimwambia kwamba bega la mama mkwe wake halikuwahi kuwa na maana yoyote.

"Na jambo lingine," akasema. "Bei mnayolipa ni ya mashine. Mkitaka kinu, mlipe kinu."

Sikuwa na jibu, kwa sababu mhakiki hajazoea kuulizwa bei. Nikitamka kwamba riwaya ni dhaifu, mwandishi hanigeukii na kuniuliza ningelipa kiasi gani angeandika kwa miaka mitatu zaidi. Labda angepaswa. Filamu ya Itami ilinifundisha kwamba anayekula ana wajibu wa kusema. Mwaitu akaongeza sura ambayo Itami hakuipiga: anayesema ana wajibu wa kutoa mfuko.

Tukakubaliana, mimi na yeye na baadaye watu wengine wanne wa benchi, kwamba siku ya soko kutakuwa na sufuria dogo la muthokoi wa kinu, kwa bei ya kinu. Jirani mmoja mwenye mabega ya kijana anatwanga na analipwa. Dereva wa lori alilalamika kuhusu bei, akalipa, akala bila kutia pilipili. Nilimwona akifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana.

Mwaitu naye aliiona sahani ile. Hakuuliza chakula kiko aje. Aligeuka tu kuchochea moto, na kutoka nyuma niliona mabega yake yakitikisika kidogo, kama mtu anayecheka peke yake.

Supu bado ni maji. Nimemwambia.