Heshima na Maumbile katika Matambiko ya Kijava

Waandishi wengi walioeleza matambiko ya Wajava, wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, husema kwamba watu hao huyaheshimu maumbile. Usemi huu wavutia, na hapana shaka wasemwa kwa nia njema. Walakini yafaa tuupime kabla ya kuukubali, kwa kuwa maneno yake mawili, heshima na maumbile, yametoka vinywani mwa watazamaji, wala si lazima wenye matambiko wayafahamu vivyo hivyo.

Tuanze na heshima. Hildred Geertz, katika kitabu chake cha 1961 juu ya jamaa ya Kijava, alionyesha kwamba mtoto hulelewa katika heshima kwa hatua tatu: kwanza wedi, yaani hofu, kisha isin, yaani haya, na mwisho sungkan, yaani staha ya mtu ajuaye mahali pake mbele ya mkubwa. Heshima ya namna hii haiwezi kusimama pasipo mtu wa pili. Lugha yenyewe yashuhudia hayo, kwani ina daraja za usemi: ngoko kwa wenzi, na krama kwa wastahiwa. Mjava hutenga pari, beras na sega kama sisi tutengavyo mpunga, mchele na wali. Lakini asemapo na mkubwa wake, maneno hayo matatu hugeuka kuwa pantun, wos na sekul.

Ama maumbile, hayatajwi kuwa kitu kimoja katika matambiko hayo. Katika wiwitan, tambiko la kuanza mavuno, aitwaye ni Dewi Sri, bibi wa mpunga. Katika bersih desa, tambiko la kusafisha kijiji, hukumbukwa danyang, mlinzi wa mahali. Katika labuhan, jumba la Sultani wa Yogyakarta hupeleka nguo, pamoja na nywele na kucha za Sultani, hadi pwani ya Parangkusumo, kwa Ratu Kidul, malkia wa bahari ya kusini, ambayo ni hii hii Bahari ya Hindi. Kila mmoja ana jina, makao na cheo. Hawa ni majirani wakubwa, nao hutendewa kama majirani wakubwa.

Mlima Merapi watupa mfano ulio wazi zaidi. Unapotoa moto, wakazi wa huko husema mlima duwe gawe, sawasawa na Mswahili asemapo kwamba fulani ana shughuli. Tarehe 26 Oktoba 1910 iliyopita karne moja kabla haihusiki hapa. Ile ya 2010 ndiyo yenye uzito, kwani siku hiyo alikufa Mbah Maridjan, mlinzi wa mlima, aliyekuwa amekataa kuhama. Wako waliomwita shujaa, na wako waliomwita mkaidi. Nionavyo, kifo hicho hakifahamiki kwa kusema kwamba aliyapenda maumbile. Alikuwa na kazi aliyopewa na Sultan Hamengkubuwono IX, na sungkan haimruhusu mtu wa namna hiyo kumwacha mwenyeji wake katikati ya shughuli.

Clifford Geertz, katika kitabu chake cha 1960 juu ya dini ya Java, aliona vema kwamba shabaha ya karamu ya slametan ni kupata hali ya slamet. Mark Woodward, mwaka 1989, alimpinga kwa kuupunguza mno Uislamu. Maneno yamuunga mkono Woodward: katika slamet, sedekah na berkat twatambua mara moja salama, sadaka na baraka. Hata hivyo asili ya neno si ushahidi kamili wa asili ya ibada.

Kosa la tafsiri hii si dogo. Zamani wavunaji walikata suke moja moja kwa ani-ani, kisu kidogo kinachofichwa kiganjani ili Dewi Sri asishtuke. Katika miaka ya 1970, mbegu mpya za bua fupi zilienea pamoja na mundu, na adabu ile ikapungua. Madawa ya kuua wadudu yaliangamiza pia wadudu walao waharibifu, hata mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za madawa hayo katika mpunga. Marufuku hiyo ilitokana na elimu ya wadudu. Tukilibebesha tambiko kazi ya elimu hiyo, twalisifu kwa lisilolisema, na twaacha kusikia lile lisemalo.

Mjava afikapo mlangoni pa mtu husema kula nuwun. Nasi husema hodi. Naona hodi yakaribia maana ya matambiko haya kuliko heshima kwa maumbile, kwani hodi hupigwa penye mwenyeji. Basi watafiti wajao wayaandike maneno ya matambiko pamoja na daraja zake za usemi, ili ijulikane nani anaambiwa, na kwa staha gani.