Embe Kavu, Sukari Yake Mwenyewe

Msimu wa embe Kilosa una kero yake. Dodo na bolibo huiva kwa wingi kuanzia Novemba hadi Januari, miezi ileile ya mvua za vuli. Asubuhi jua linawaka, ikifika saa tisa alasiri mawingu yameshatanda. Kwa hiyo anayekausha matunda nyumbani huku namvulia kofia.

Kazi inaanzia kwenye kuchagua. Embe inayofaa imeiva, lakini nyama yake bado imekaza. Iliyolegea hunata kwenye wavu wa kukaushia. Changa ikikauka ni uchachu mtupu. Viwanda vingine huiloweka embe kwenye shira kwanza, na humo hata iliyo chachu hupita, maana sukari huongeza uzito na kuficha aibu. Asiyetia sukari hana pa kuificha.

Kisu kinashuka sambamba na kokwa, kikitoa vipande vya milimita 5 au 6, unene mmoja vyote. Tazama mkono wa mzoefu: kila baada ya mikato michache unasita, unafuta kisu kwa kitambaa, kwa sababu kisu chenye utelezi hupotoka, na kipande kinene kitakuja kuota ukungu wakati wenzake wameshakauka. Vipande vinachovywa kwenye maji ya limau visigeuke rangi, kisha vinapangwa bila kugusana.

Kaushio ni sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa nailoni angavu. Hewa huingia kwa tundu la chini, ikapata joto, ikatoka juu na mvuke wake. Matundu yote yana wavu wa kuzuia nzi. Mikumi, jirani na hifadhi, kifuniko kinataka na komeo. Nyani nao wanajua embe.

Joto la nyuzi 50 hadi 60 linatosha. Mwenye pupa akilizidisha, nje hukakamaa na maji yakabaki ndani. Kipande hupimwa kikishapoa, kwa kuwa cha moto hudanganya vidole: kikunje, kisinate, kichane, ukibinye, kisitoe hata tone. Kilo 10 za embe, na maganda na kokwa zake, hurudisha kilo moja hivi. Utamu wa embe hauendi na mvuke, unabaki umekolea humohumo. Ndiyo maana sipendi vifungashio vinavyoandikwa “haina sukari”. Sukari ya tunda imo tele, na mgonjwa wa kisukari anastahili kuambiwa hivyo.

Juni hadi Agosti, mvua zikiisha, kaushio hupokea ndizi kisukari, na hapo kazi ni nyepesi zaidi.

Iwe embe au ndizi, kilichokauka hakifungwi papo hapo. Hutiwa kwenye chupa ya kioo, isijae, ikatikiswa kila siku kwa wiki nzima ili unyevu uliobaki usambae sawasawa. Kioo kikitoka jasho, vyote vinarudi juani, hata kama mteja ameshalipa.