Kusimulia Barabara: Jinsi Mwanafunzi Aliyeshindwa Mara Mbili Alivyopata Leseni

Mara ya pili alipoanguka mtihani wa udereva, mama huyu hakuangushwa na sheria. Alama za barabarani alizijibu zote bila kusita. Kilichomwangusha ni mlima wa kwenda Bugando, hapa Mwanza. Aliambiwa asimame katikati ya mwinuko kisha aondoke bila gari kurudi nyuma. Kusimama alisimama vizuri. Alipoachia klachi, gari likazima. Akawasha, likazima tena. Mara ya tatu akaachia breki kabla injini haijashika, gari likaserereka kurudi nyuma, na nyuma yake kulikuwa na bajaji yenye abiria. Trafiki akawahi kuvuta hendibreki, na mtihani ukaishia hapo.

Alipokuja kwangu alikuwa ameshakata tamaa. Anauza vitenge, gari analo, lakini kila siku ya mzigo anamlipa mtu wa kumwendesha. "Mwalimu," aliniambia, "mguu wangu wa kushoto hausikii." Nilimwomba anipeleke kwenye mlima uleule, nami nikakaa kimya kumwangalia. Nilichokiona siku ile ndicho ninachotaka kukichambua hapa, maana nakutana nacho kwa wanafunzi karibu wote, na dawa iliyomfaulisha mtihani ndiyo hiyohiyo inayomlinda sasa akiwa peke yake barabarani.

Kiti, viatu, kisha klachi

Jambo la kwanza lilikuwa kiti. Alikisogeza nyuma mno, kiasi kwamba ili aikanyage klachi mpaka chini ilimbidi anyooshe goti kabisa. Mguu ulionyooka hauwezi kuachia kitu taratibu, unaachia kwa mkupuo. Kipimo ninachokitumia ni chepesi: kanyaga klachi mpaka mwisho, na goti lako bado liwe limekunjika kidogo. Jambo la pili lilikuwa kandambili. Soli inateleza juu ya pedali na kisigino hakipati mahali pa kutulia. Nilimwambia aje na raba zenye soli nyembamba. Mambo haya mawili peke yake yalipunguza nusu ya tabu yake, na hakuna aliyewahi kumgusia.

Ndipo tukaingia kwenye klachi yenyewe. Wanafunzi wengi hufundishwa kuikanyaga na kuiachia bila kuelezwa inafanya kazi gani. Injini ina gurudumu zito linalozunguka muda wote. Mbele ya gurudumu hilo kuna sahani ya klachi, inayopeleka nguvu kwenye giaboksi na hatimaye kwenye matairi. Ukikanyaga klachi, sahani inaachana na gurudumu, matairi hayapati nguvu. Ukiiachia yote, vinashikana kabisa. Katikati ya hapo kuna eneo dogo ambamo sahani inasuguana na gurudumu: inateleza kiasi na kushika kiasi. Ujuzi wote wa mlimani umelala katika eneo hilo.

Mvuto wa ardhi unalivuta gari nyuma. Ukiiinua klachi mpaka nguvu inayofika kwenye matairi ilingane na mvuto huo, gari litasimama pale pale hata bila breki. Huko ndiko kubalansi. Hatua tulizozifanya ni hizi. Hendibreki juu, gia namba moja. Kanyaga mafuta kidogo mpaka injini iongeze sauti, kisha mguu wa kulia utulie hapo. Inua klachi polepole mno, kisigino kikiwa sakafuni. Sauti ya injini itashuka, na mbele ya gari patainuka kidogo, kama mtu anayejiandaa kusimama. Hapo mguu wa kushoto ugande. Tazama vioo, tazama begani, shusha hendibreki. Gari halirudi. Ongeza mafuta, endelea kuiinua klachi, gari linapanda.

Kwanza tulifanya zoezi hili uwanjani, mahali tambarare, bila kugusa mafuta kabisa: kuinua klachi mpaka gari litambae, kuikanyaga lisimame, tena na tena. Nilimwambia afumbe midomo asikilize, kwa sababu sikio hupata habari za injini kabla ya jicho. Tahadhari moja: usijiachie kwenye balansi muda mrefu kama vile ni breki. Msuguano ule unazaa joto, na ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, ujue sahani ya klachi inaliwa.

Macho yalikuwa wapi?

Baada ya siku nne mguu ulikuwa unasikia. Lakini tuliporudi Bugando, gari lilizima tena. Safari hii niliangalia macho yake, si miguu. Alikuwa akitazama mkono wa gia. Kisha akatazama hendibreki. Kisha akanitazama mimi. Barabara hakuitazama hata mara moja, na bajaji iliyokuja nyuma yetu aliijua kwa honi tu. Honi ikamshtua, mguu ukaruka.

Kumbe hofu haikuwa imeanzia mguuni. Mtu asiyeona kinachomzunguka anaishi kwa kushtukizwa, na aliyeshtuka hawezi kuwa na mguu mtulivu.

Hili limechunguzwa kwa vipimo. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Mourant na Rockwell, walifuatilia mwendo wa macho ya madereva wapya na ya wazoefu wakiwa barabarani. Wapya walitazama eneo dogo na la karibu mno na gari, tena vioo walivitumia mara chache. Wazoefu walitupa macho mbali na kuyatembeza kwa upana zaidi. Ukitazama karibu, kila kitu kinakufikia kwa ghafla. Ukitazama mbali, jambo hilohilo unaliona likija na muda wa kuamua unao. Uingereza ililipa suala hili uzito kiasi kwamba mwaka 2002 iliongeza katika mtihani wake wa nadharia sehemu ya kutambua hatari: mtahiniwa anaonyeshwa video za barabarani, na anapimwa jinsi anavyowahi kuiona hatari inayojitokeza.

Sisi hatuhitaji video. Tunayo Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni.

Sema unachokiona

Njia niliyoitumia ni kusimulia barabara. Mwanafunzi anaendesha huku akitaja kwa sauti anachokiona, kisha anachodhani kitatokea, kisha atakachofanya. Mwanzoni mama huyu alitaja vitu tu: "Daladala. Bodaboda. Zebra." Nikamwambia hayo ni majina, nami nataka habari. Daladala hiyo inataka nini?

Wiki ya pili masimulizi yalikuwa yamebadilika. "Daladala imewasha indiketa ya kushoto, konda ameshatoa mguu, itasimama kabla ya kituo. Bodaboda iliyo nyuma yake haitasubiri, itanitokea upande wangu. Naachia mafuta." Na kweli bodaboda ikatokea, ikapita mbele yetu kwa nafasi, hakuna aliyepiga honi. Hakukanyaga hata breki.

Nilimwonyesha alama ndogondogo ambazo hazimo kwenye kitabu cha sheria. Gari lililopaki pembeni, tazama tairi la mbele: likianza kugeuka, litatoka, hata kama dereva hajawasha indiketa. Ukiona moshi kwenye eksozi yake, injini inawaka, kwa hiyo ndani kuna mtu anayeweza kufungua mlango. Daladala iliyosimama kituoni, tazama chini yake, katikati ya matairi. Ukiona miguu inatembea upande wa pili, hasa miguu midogo yenye soksi za shule, kuna mtu atakayetokeza mbele ya daladala hiyo na yeye hakuoni.

Hata kwenye kipilefti kusimulia kulimsaidia. Awali alikuwa akiingia kwa kubahatisha. Alipoanza kusema, "Natazama kulia, Noah iko ndani tayari, yeye kwanza, nyuma yake kuna nafasi, naingia," macho yaliacha kuzunguka ovyo yakaenda mahali panapohusika. Mdomo uliyalazimisha macho kufanya kazi yao kwa mpangilio.

Hesabu ya mita

Bado nilihitaji aelewe kwa nini kuona mapema ni suala la kufa na kupona, si la kumridhisha trafiki. Nilichukua kamba, tukaenda kwenye uwanja wa mpira, tukapima kwa hatua.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi, linatembea mita 14 hivi kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu wake ukanyage breki. Mita hizo 14 zinapita gari likiwa na mwendo wake wote. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazuri, zinataka mita nyingine 14 hivi. Jumla ni 28. Kwa kilomita 30, mita za kuamua ni 8 na za breki ni 5: jumla 13.

Nilimsimamisha mama kwenye alama ya mita 14. Nikamwambia, tuseme wewe ni mtoto aliyetokeza mbele ya daladala. Anayekuja kwa 30 amesimama mbele yako, karibu sana lakini amesimama. Anayekuja kwa 50 anakufikia sekunde ileile ambayo mguu wake ndio kwanza unagusa breki. Anakugonga kwa 50 yote. Tofauti yao si kupunguziwa maumivu kidogo. Mmoja anakukosa kabisa, mwingine anakugonga kama vile hakuwa na breki.

Alikaa kimya, akihesabu zile hatua kwa macho.

Ukifika kilomita 80, umbali wa breki peke yake unakaribia mita 36, kwa sababu mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki unazidishwa mara nne. Mvua ikinyesha, lami inapoteza mshiko na mita hizo zinaongezeka sana. Ndiyo maana nafundisha kanuni ya sekunde 2: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu "mia na moja, mia na mbili." Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwenye mvua, hesabu mpaka nne.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba kwa walio kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua kuliko hicho. Kwa hiyo nikimsikia mzazi akimtafutia mwanawe leseni ya njia ya mkato, moyo unaniuma. Leseni ya kununua haina mita hata moja ndani yake. Yule mtoto wa soksi za shule hajali karatasi uliipataje.

Siku ya mtihani

Tulikubaliana mambo machache. Afike mapema, akague matairi, taa, maji na mafuta ya injini bila kuambiwa. Akiingia, arekebishe kiti, vioo, mkanda, kwa mpangilio uleule kila mara. Na njia nzima asimulie barabara kimoyomoyo, kwa sababu anayejisimulia anachokiona hapati nafasi ya kusikiliza hofu yake.

Sikuruhusiwa kuwamo garini. Nilingoja chini ya mti karibu na nusu saa. Gari liliporudi, alilipaki kwa rivasi, akavuta hendibreki, akatoa gia, akazima, akatazama nyuma kabla ya kufungua mlango. Alikuja kwangu akitembea haraka.

"Mwalimu, pale Mabatini kulikuwa na Hiace kituoni. Nikaona miguu chini yake. Nikashusha mpaka gia ya pili. Wakatokeza watoto wawili, wakavuka, wakaenda zao. Trafiki akaniuliza nilijuaje, nikamwambia nimeona viatu."

Kwamba amefaulu alinieleza baadaye. Habari za mlima hakuzitaja mpaka nilipomwuliza.