Mafundi wa Magauni ya Harusi ya Zamani

Harusi za mjini London zinazofuata mtindo wa kizamani, zinazofungwa katika ofisi ya msajili na kuishia mkahawani bila makuu, hutegemea sana mafundi wanaofufua magauni ya miaka ya 1930 hadi 1950.

Fundi huanza kwa kulitazama gauni kwenye mwanga, hasa makwapani, maana jasho la zamani hula hariri hadi ikaachia inapovutwa kidogo tu. Kisha huligeuza nje ndani kupima akiba ya kitambaa iliyobaki kwenye mishono. Magauni ya wakati wa mgao wa nguo Uingereza, 1941 hadi 1949, mara nyingi hayana akiba, kwa kuwa kitambaa kilinunuliwa kwa kuponi. Hapo, ili gauni litoshe, fundi hulazimika kuchomeka kipande ubavuni, na kukipata kilichopauka sawasawa na gauni lenyewe ni kazi inayostahili heshima kuliko mapambo yote ya ukumbini.

Satini haifichi kosa. Tundu la sindano hubaki, hivyo mshono hufumuliwa mara moja tu, uzi mmoja mmoja, na kurudishwa kwa mkono. Gauni lililokatwa mshazari hutundikwa usiku kucha kabla ya kukunjwa upindo, la sivyo litaning'inia upande.

Mwisho, ndani ya mabega na kiuno hushonewa utepe wa pamba unaobeba uzito, ili bibi harusi aketi, akumbatiwe na acheze bila hariri kuchanika.