Juu ya Kuiga Mtindo wa Venice katika Muziki wa Ala za Shaba

Watungaji wengi wa muziki wa ala za shaba, katika Ulaya na Marekani, wamependa kurudi kwa Giovanni Gabrieli, mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice, aliyefariki mwaka 1612. Si ajabu. Katika kitabu chake Sacrae symphoniae cha mwaka 1597 imo Sonata pian' e forte, yenye sauti nane zilizogawanywa makundi mawili yanayojibizana: moja laongozwa na korneto, la pili na fidla ya sauti ya chini, na kila moja lina tromboni tatu. Humo mtungaji ametaja kila ala kwa jina lake, na mahali pa kupiga kwa upole au kwa nguvu. Mambo yaliyokuwa nadra mno wakati ule.

Lakini waigaji wake wengi, kwa maoni yangu, wameshika lililo jepesi kushikwa. Huweka kundi moja kulia na jingine kushoto, hupiga kwa kishindo kisha kwa upole, wakadhani kazi imekwisha. Ni sawa na mtu atungaye utenzi kwa kuhesabu mizani tu. Muziki huu ulizaliwa katika uimbaji: canzona, jina la tungo nyingi za namna hii, maana yake ni wimbo. Tena vitabu vya wapigaji vilichapwa bila mistari ya kugawa mapigo, kila mmoja akifuata urefu wa kauli yake kama msemaji. Mtungaji wa leo huitia mistari hiyo, na mkazo huangukia pigo la kwanza daima, hata sauti zote husema kwa lafudhi moja. Na korneto ilikuwa ya mti uliovikwa ngozi, sauti yake karibu na ya mwanadamu. Tarumbeta yenye vali, chombo cha karne ya 19, huwameza wenzake.

Ndiyo sababu namsifu Paul Hindemith. Morgenmusik yake ya mwaka 1932, iliyotungwa kwa shule ya Plön, Ujerumani, ili ipigwe asubuhi kutoka mnarani, haikuazima mapatano ya sauti ya Gabrieli. Hayo ni ya karne ya 20 waziwazi. Alichoazima ni desturi ya wapigaji wa minarani, na mwendo wa sauti zinazoimbika. Sehemu ya pili ameiita Lied, yaani Wimbo, nayo hupigika kwa pumzi ya mwimbaji.