Seli, Chembe na Tishu: Uhakiki wa Istilahi za Mwili Masisi na Walikale

Istilahi za biolojia katika Kiswahili aghalabu huhakikiwa kwa kigezo cha usahihi wa kitaalamu peke yake. Kigezo hicho hakitoshi. Huko Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga na Kikumu husemwa nyumbani, Kiswahili husemwa sokoni na katika kituo cha afya, na sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Hapana budi kuuliza pia istilahi inamfikia nani.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha kizibo kwa hadubini, akayaita matundu aliyoyaona kwa neno lenye maana ya vyumba vidogo. Mfaransa Bichat, katika kitabu chake cha 1801, aliainisha tishu 21 bila hadubini, kwa neno lenye maana ya kitu kilichofumwa. Kiswahili sanifu kilipokea seli na tishu kutoka Kiingereza, na taswira hizo mbili zikapotea njiani. Kwa mwanafunzi wa Walikale, tissu ni kitambaa kabla ya kuwa somo la biolojia. Kwa mwenzake wa Dar es Salaam, tishu ni karatasi laini ya kujifutia. Kitenzi kufuma kingefaa, lakini kimekwisha kuzaa mfumo, istilahi ya ngazi ya juu zaidi: seli huunda tishu, tishu huunda ogani, ogani huunda mfumo.

Wapo wanaopendelea chembe badala ya seli. Ubora wake ni kwamba kila msemaji analijua. Kasoro yake ni kwamba chembe ya mchanga haina uhai wala haina ndani, ilhali seli ina utando, huchukua chakula, na aghalabu ina kiini. Tena mwili una aina za seli zaidi ya 200. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini na huishi siku 120 hivi. Seli ya neva itokayo kiunoni hadi mguuni hukaribia urefu wa mita moja. Chembe gani hiyo?

Suala hili si la wanaisimu tu. Vimelea vya malaria huingia ndani ya seli nyekundu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Mama akiambiwa kwamba chembe za damu zimepungua, ana haki ya kuuliza damu ya mtoto asiye na jeraha imekwenda wapi. Neno lenye dhana ya chumba humjibu. Neno la punje humwacha na shaka, hali anatakiwa kukubali mtoto aongezewe damu.

Kwa hiyo seli ibaki kuwa istilahi, nayo chembe hai iwe ufafanuzi wake wa kwanza. Tishu nayo ifundishwe kwa mfano wa kitambaa, pamoja na aina zake nne: za kufunika, kama tabaka la juu la ngozi, unganishi, za misuli, na za neva. Mfano huo una mpaka wake, kwani damu nayo ni tishu unganishi, ingawa seli zake huelea katika majimaji. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Haifai istilahi ziendelee kusafiri kuelekea magharibi tu, pasipo maswali ya Masisi kurudi mashariki.