Sifa za Fundi wa Kutua

Kurt Schreckling wa Ujerumani alipounda turbini ndogo kwa mikono yake, akatumia plaiwudi kutengenezea gurudumu la kukandamiza hewa, aliwafungulia wapenzi wa ndege za mfano mlango wa kasi. Kasi imepatikana. Mimi namsifu fundi anayejua kuipunguza, jeti ikatua mahali pafupi.

Kazi yake si nyepesi. Turbini iliyopunguzwa hadi mwisho bado huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika na kuisukuma ndege. Tena haina propela ya kukinza upepo, na ikiongezwa mafuta huchukua muda kupata nguvu.

Kwa hiyo fundi hutafuta ukinzani. Hushusha flapi, vibamba vya ukingo wa nyuma wa bawa, kwa pembe kubwa: bawa likaweza kubeba kwa mwendo mdogo, hewa ikaikokota ndege, na injini ikabaki na moto wa kutosha kuitika rubani akighairi kutua. Lakini flapi zikishuka, pua nayo huinuka au huinama. Basi fundi huipanga rimoti ili elevata ya mkiani ijisogeze pamoja na flapi, taratibu, kwa milimita chache alizozipima kwa rula. Huirusha ndege juu sana, huipunguzia mwendo mpaka bawa likaribie kushindwa kubeba, kisha hurudi mezani kurekebisha milimita moja. Hukagua pia kitovu cha uzito, maana pua ikizidi uzito, mkia hulazimika kukandamiza chini na mwendo wa kutua hupanda.

Breki zipo, lakini hesabu iko wazi. Mwendo ukishuka kutoka mita 25 kwa sekunde hadi 20, umepungua kwa moja ya tano tu, ilhali nishati ya kuzimwa imepungua kwa asilimia 36. Isitoshe, ndege inapogusa ardhi bawa bado limebeba sehemu ya uzito, na gurudumu lisilolemewa likifungwa breki huteleza tu. Ndiyo maana fundi hodari hupanga urefu wa miguu ya magurudumu ili ndege ikikaa chini pua iiname kidogo, bawa liache kubeba, na matairi yashike.

Ufundi huu unastahili heshima kwa sababu hupunguza tatizo ndege ingali hewani, badala ya kuziachia breki mzigo wote. Anayemfundisha kijana kurusha jeti na aanzie hapa: amfundishe kwanza kuiandaa itue.